Nani Amebadilisha "Pweza Kanisani"?

Whyalla, 6 Machi 2022

Dada Coral,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na kwamba yule paka wako wa kijivu bado hajakunyang'anya kiti chako chote. Sisi huku tupo. Joto halijatuachia, na vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya mkebe wa biskuti. Binti yangu Kerryn na watoto wake hawajambo. Yule mkubwa, Brodie, amevunjika kidole kwenye mpira na anakionyesha kwa kila mtu kama medali. Wifi yako Yvonne anakusalimu. Siku hizi anapumzika sana, lakini yupo salama.

Nimekupigia simu mara kadhaa. Inaita, inaita, halafu inakatika. Nikaona bora niandike kama zamani, maana kuna jambo linanitafuna, na wewe peke yako ndiye unayeweza kunijibu.

Ile gramafoni ya Mjomba Perce imekufa. Ilitoa moshi kidogo, ikanuka kama soksi iliyosahauliwa juu ya hita, basi. Nusura niizike bustanini. Kerryn akanihurumia, akaninunulia mashine mpya, na juu yake akaniletea zawadi ambayo sikuitegemea maishani: santuri ya "Pweza Kanisani" imetolewa upya! Kumbe huko Melbourne kuna vijana wa ndevu wanaoiabudu. Na mimi nilidhani waliobaki wanaoikumbuka bendi ya Bustani ya Bati ni mimi, wewe, Yvonne, na labda mama yake mpiga kinanda.

Nikamimina chai, nikaketi, nikaweka sindano. Dada, sio yenyewe.

Unaijua ninavyoijua. Kinanda kinaingia kwanza, taratibu, kama maji ya bafu yanayotafuta tundu la kutokea. Halafu lile gitaa lililorekodiwa kinyumenyume, kila sauti inaanzia mkiani na kuishia kichwani. Halafu ngoma: mtu anapandisha kabati ghorofani peke yake, na kila ngazi anapumzika. Ndipo anaingia yule bwana J. Pascoe na sauti yake nzito, sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi na bado hajaamua kama aamini alichokiota. Maisha yangu yote watu wananiambia roki ya maruweruwe ni muziki wa wavuta bangi. Mimi sijawahi kuvuta kitu zaidi ya sigara za baba nilizomwibia. Lakini nikiwa juu kwenye kreni kule kiwandani, chuma kinapita chini yangu kimeyeyuka kama mto wa moto, nilikuwa nauimba ule wimbo wao, "Ngazi ya Maziwa", kimoyomoyo, na nilielewa kabisa Pascoe anasema nini, ingawa mpaka leo siwezi kukueleza anasema nini.

Sasa hii mpya, kinanda kinakimbia. Ngoma inatwanga kama mtu anayekimbilia basi. Na anayeimba si Pascoe. Ni sauti nyembamba, ya kijana au ya mwanamke, sielewi.

Kerryn akasema, "Baba, ni ileile. Wameisafisha tu."

"Ukimwogesha mbwa," nikamuuliza, "anatoka paka?"

Akacheka, lakini niliona anamtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Na hapo ndipo ninapoogopa. Unakumbuka baba alivyoanza. Aliapa kwamba kuna mtu amehamisha mlango wa mbele.

Tafadhali itafute huko kwenu, uisikilize, uniambie ukweli. Imebadilishwa, au ni mimi?

Mdogo wako,
Clive

*

Launceston, 2 Aprili 2022

Mdogo wangu Clive,

Barua yako imenifikia siku ya mvua nikiwa nachuma tufaha za mwisho, nikaisoma barazani na mabuti yangu ya tope. Nimefurahi kusikia mko salama. Mwambie Brodie kidole kimoja si kitu, marehemu mume wangu Bas alivunja vitatu kwa kufunga lango la kuku. Baridi imeanza, nimeanza kuwasha jiko la kuni asubuhi. Paka ameshashinda vita vya kiti, mimi nakalia stuli.

Usijisumbue kupiga simu. Ina matatizo. Andika, mimi napenda kuandikiwa.

Santuri yako nimeipata. Thea, jirani yangu anayefanya kazi maktaba, aliniagizia, akaja nayo pamoja na mashine yake ya kuchezea. Tumeiweka. Naona ni ileile tu, Clive. Mashine mpya zina sauti zake. Na wewe si baba, baba alikuwa na ukaidi wake tangu ujanani. Kula vizuri, tembea asubuhi kabla ya jua, usikae peke yako na mawazo.

Jambo moja linanishangaza. Mbona wifi haandiki mistari yake chini ya barua? Sikumbuki barua yako hata moja isiyokuwa na mwandiko wake unaopanda ukingoni, akinionya ni wapi umetia chumvi. Hii ya juzi umetia chumvi utakavyo na hakuna aliyekusahihisha.

Msalimie sana. Mwambie bado nina ile sketi yake ya njano.

Dada yako,
Coral

*

Whyalla, 20 Aprili 2022

Dada Coral,

Salamu zako nimezipokea, na za tufaha nimezimezea mate. Huku Pasaka imepita vizuri, Kerryn alichoma mguu wa kondoo, watoto wakala chokoleti mpaka mmoja akatapikia viatu vyangu. Vumbi limepungua.

Sasa niruhusu nikasirike kidogo.

"Naona ni ileile tu." Wewe, dada? Wewe uliyemtimua mpiga piano kwenye ukumbi wako wa dansi, mbele ya wanafunzi, kwa sababu aliwahi nusu pigo? Nimeisoma sentensi hiyo nikitafuta ulipoweka utani. Haupo.

Baada ya barua yako nikafanya jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Nikatoa santuri yangu ya zamani, ileile ya ujanani, yenye mkwaruzo pale Pascoe anapotaja madirisha. Hakuna aliyeigusa ila mimi. Nikaiweka kwenye mashine mpya. Na yenyewe imebadilika! Inakimbia vilevile. Sauti nyembamba vilevile. Mkwaruzo upo mahali pake, ila unakuja haraka. Kwa hiyo nina santuri mbili, zote zinashuhudia kwamba mimi ni mwongo.

Na kuna hili. Ndani ya jalada jipya wameweka picha ya wanamuziki. Unajua la zamani lilikuwa na pweza tu, na majina kwa herufi. Kwenye picha yupo mwanamke mwembamba, nywele mpaka kiunoni, ameshika maikrofoni. Nikadhani ni mchumba wa mpiga ngoma. Nikasoma chini: Judith Pascoe. Judith, Coral! Nimemwita bwana tangu nikiwa na chunusi. Nimewahi kumwambia Yvonne kwamba sauti ya mwanamume yule imenifundisha namna ya kuwa mwanamume. Sasa niiweke wapi kauli hiyo?

Kwa hiyo nakuuliza swali jepesi, na ujibu kwa neno moja. Ulipoisikiliza, sauti ilikuwa ya mwanamume au ya mwanamke?

Yvonne ameumia kifundo cha mkono, ndiyo maana haandiki. Jumapili nilimwekea hiyo mpya. Ile ya zamani huwa inamtuliza kabisa, anaimba hata yale maneno yasiyo maneno. Safari hii aliziba masikio. "Watoe hawa watu," akaniambia. "Watoe, siwajui." Ikabidi muuguzi aje aizime. Niliondoka nimechanganyikiwa hata nikaisahau mashine hukohuko, santuri mpya ikiwa juu yake.

Kama nimekukosea jambo, niambie. Simu hupokei, na barua zako zimekuwa fupi kama risiti.

Clive

*

Launceston, 11 Juni 2022

Clive, ndugu yangu,

Huku theluji imeshuka mpaka nusu ya mlima, mabomba ya jirani yamepasuka, na mimi niko hai. Hizo ndizo habari. Nimekaa na barua yako muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nimeanza kujibu, nikachana, nikaanza tena.

Muuguzi gani?

Mtu hawekewi muuguzi sebuleni kwa kifundo cha mkono. Na umesema uliondoka, mashine ikabaki hukohuko. Uliondoka wapi, Clive? Wifi yangu yuko wapi?

Lakini sina haki ya kukubana wakati na mimi nimekupiga chenga. Basi nianze mimi, upate moyo.

Santuri sikuisikiliza. Nisingeweza. Masikio yangu yamekwisha. Kwanza walienda ndege. Nilidhani wamehama. Halafu birika, nikaunguza mawili. Halafu sauti za watoto, halafu za wanawake, halafu kila mtu akawa anazungumza akiwa ndani ya mto wa kulalia. Shule ya dansi niliifunga nikawaambia ni magoti. Magoti yangu hayana neno, ningeweza kupanda mlima kesho. Simu nayo ni nzima, huwa naona taa yake ikiwaka, najua ni wewe, nakaa naitazama mpaka inazimika. Ningepokea ningesema nini? "Eeh? Eeh? Rudia"? Kwa mdogo wangu niliyemfundisha kuhesabu kwa kumpigia makofi?

Kwa hiyo ulipouliza nikajibu kama mtu anayekubali chai asiyoitaka. Nisamehe. Sikujua kwamba jibu langu litakufanya ujione mwendawazimu. Barua yako ya pili ndiyo iliyoniamsha.

Nilimwambia Thea kila kitu. Hakushangaa, alikuwa anajua kitambo, ananionea huruma kimyakimya, jambo ambalo siwezi kumsamehe. Akarudi na mashine yake, akaweka spika sakafuni, akaniandikia kwenye karatasi: VUA VIATU. Mtoto yule ana amri kama mkuu wa jela. Nikavua. Nikaweka viganja juu ya spika, na nyayo zangu kwenye mbao.

Ilikuja, Clive. Si muziki, siwezi kukudanganya. Ilikuja ngoma, na chini yake lile gitaa la besi, kama ng'ombe anayekuna mgongo kwenye ukuta wa nyumba. Nikasimama. Unakumbuka ile dansi tuliyoitunga kwenye "Ngazi ya Maziwa", mimi na wewe na Yvonne, chumba cha nyuma kule Port Pirie, kabla hamjaoana? Mbele, mbele, kaa, zunguka. Ile kaa ilikuwa ndefu, mtu ungeweza kufikiria kodi ya nyumba ukiwa umekaa. Basi nimecheza. Mbele, mbele, kaa... na nikiwa bado nimekaa, ngoma imeshazunguka imeniacha! Nikajaribu tena. Imeniacha. Thea amekalia kochi anacheka mpaka machozi, bibi kizee wa miaka sabini na mitano anakimbizwa na spika.

Nimeifundisha miguu hii kazi moja tu maishani, na haikosei. Hiyo santuri inakwenda mbio kuliko tuliyocheza. Si mbio za kubahatisha, ni mbio zilezile kutoka mwanzo hadi mwisho. Kichwa chako ni kizima.

Halafu nikawaza. Kama santuri zako zote mbili zinakimbia, basi santuri hazina kosa. Kilichobadilika ni mashine. Mjomba Perce aliitoa wapi ile gramafoni? San Francisco, alishuka nayo melini, akaifungia kile kisanduku kizito ili iwake kwa umeme wetu. Na kumbuka santuri za kwaya za baba tulizokuwa tukilazimishwa kusikiliza kwenye gramafoni hiyohiyo. Tulidhani Wamethodisti wanaburuza nyimbo kwa sababu ya huzuni ya dhambi!

Mtafute fundi umuulize. Na leo hii, kabla hujalala, niandikie kuhusu Yvonne.

Coral

*

Whyalla, 3 Julai 2022

Dada yangu,

Ngisi wamefika ufukweni, kama kila mwaka, na watu wanatoka mbali kuja kuwatazama wakibadili rangi. Kerryn hajambo, watoto hawajambo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye sanduku la posta, nikaisoma tena ndani ya gari, na nimechukizwa na jambo moja tu: kwamba umekaa na ukimya huo peke yako huku mimi nakulalamikia simu. Samahani kwa neno la risiti.

Yvonne yuko kwenye nyumba ya wazee, ile yenye bustani, barabara ya kwenda hospitali. Yuko huko tangu Septemba. Hakupotea kwa siku moja. Kwanza aliyapoteza majina ya vitu vya jikoni, tukacheka, kila kitu kikawa "hiki cha kukorogea". Halafu akawa ananisubiri dirishani, na mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. "Clive anatoka kazini saa ngapi?" ananiuliza. Halafu akatoka nje na gauni la kulalia akakutwa kwenye njia ya reli. Kerryn ndiye aliyesema imetosha. Mimi nisingeweza kulitamka.

Sikukuandikia kwa sababu kwenye barua zako Yvonne alikuwa bado yuko nyumbani. Unamuuliza, unamsalimia, unamwekea sketi. Nilikuwa nazisoma polepole.

Kila Jumapili nilikuwa nabeba ile gramafoni mpaka chumbani kwake. Wakati mwingine hajui jina langu, lakini kinanda kikianza, mabega yake yanashuka. Sasa unaelewa kwa nini nilichanganyikiwa namna ile. Sikuwa na kitu kingine cha kumpelekea.

Fundi nimempata, Mgiriki mmoja mzee anaitwa Dimos, nyuma ya duka la samaki. Akaifungua ile maiti, akatazama mota, akaanza kucheka.

"Mzee, hii ni ya Marekani."

"Najua. Ndiyo maana ina kile kisanduku."

"Kisanduku kiliizuia isiungue tu. Hakikuifundisha kukimbia. Umeme wao una mapigo ya haraka kuliko wetu, na mota hii inafuata mapigo. Kule kwao ilikuwa inakimbia. Huku ilikuwa inatembea."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipochomekwa ukutani siku ya kwanza."

"Kwa hiyo muziki niliousikia..."

"Haupo," akasema, halafu akaona uso wangu, akazima sigara yake. "Yaani upo. Ulikuwa sebuleni kwako."

Nilipaswa kufurahi, dada. Kichwa changu ni kizima, umeshinda kesi. Badala yake nilikaa kwenye gari nje ya duka la samaki, sijui niende wapi. Yule bwana mwenye usingizi, niliyemtegemea nilipofiwa na mama, niliyekuwa naye kule juu kwenye kreni, hajawahi kuzaliwa. Judith Pascoe aliimba wimbo wake, akaenda zake nyumbani, na sisi tukasikia kitu kingine. Sasa mimi ni mpenzi wa nani? Nikikutana na mmoja wa wale vijana wa ndevu, tutakuwa tumependa santuri moja au mbili?

Dimos ameniazima mashine yenye kitufe cha kupunguza mwendo. Tumehangaika nayo mpaka kabati likaanza kupandishwa ghorofani kama zamani. Pascoe amerudi na uzito wake. Nitaipeleka kwa Yvonne mara tu watakapofungua milango, maana wiki hizi wamefunga kwa sababu ya mafua.

Clive wako

*

Launceston, 19 Julai 2022

Clive,

Hapa ni baridi na ukungu, na sina habari nyingine kwa sababu nimeshinda nalia, kisha nikaoka keki, kisha nikalia juu ya keki. Wifi yangu. Alinifundisha kupaka wanja nikiwa mtu mzima na watoto.

Sijui nikufariji vipi kuhusu huyo bwana wa usingizi. Mimi sasa hivi namsikia kila mtu tofauti na alivyo, na bado nawapenda. Pengine mlimpenda Judith Pascoe akiwa anatembea, na wenzenu wakampenda akiwa anakimbia. Sijui, Clive. Mimi ni mwalimu wa dansi.

Thea ameniburuta kwa daktari wa masikio. Nitawekewa vifaa. Oktoba napanda ndege kuja kwenu, tiketi ipo mezani. Ukizungumza nami nitazame usoni, na usipige kelele, kelele hazisaidii.

Utakapompelekea Yvonne hiyo santuri, usimfanyie mtihani. Keti tu.

Coral

*

Whyalla, 9 Agosti 2022

Dada Coral,

Chumba chako Kerryn ameshakipaka rangi, ya kijani, usinilaumu mimi. Upepo ni mkali, tuko wazima. Nakuandikia upesi kwa sababu nikisubiri nitaanza kuipamba.

Milango ilifunguliwa Jumapili. Nikaingia na mashine ya Dimos kifuani kama mtoto mchanga. Yvonne alikuwa kwenye kiti, amesukwa nywele vizuri. Nilikumbuka maneno yako. Nikaweka sindano, nikaketi.

Kinanda kikaja, taratibu. Lile gitaa likaja kinyumenyume. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaondoka, nilikuwa Port Pirie, nilikuwa juu ya kreni. Ngoma ikaanza kupanda ngazi. Yule bwana akaingia na usingizi wake.

"Huyo anaumwa nini?" Yvonne akauliza.

"Nani, mpenzi?"

"Huyo anayeimba. Mbona mnamburuza hivyo? Zima, mtamuua."

Nikadhani amekosea. Nikamwambia, "Sikiliza kidogo, ndiyo hii yetu."

"Si yangu," akasema, na akanyoosha mkono kuizima mwenyewe.

Sereana, mlezi wake, binti wa Kifiji, alikuwa mlangoni ameshika mataulo. Uso ulimbadilika kama aliyekutwa na chombo kilichovunjika. "Baba Clive," akasema, "ni kosa langu. Ulipoacha ile mashine yako nyingine hapa, nilikuwa namwekea asubuhi nikimchana nywele. Siku za mwanzo alilalamika. Halafu akanyamaza. Siku hizi nisipoiweka ananigombeza."

"Unaiweka ile ya haraka?"

"Mimi sijui ya haraka, baba. Najua hiyo ya pweza."

Akaiwasha. Kinanda kikatoka mbio. Judith Pascoe akaingia, sauti nyembamba, macho makavu kabisa, mtu aliyeamka zamani na ameshafungua madirisha yote. Na Yvonne akasimama, Coral. Ameshika mkono wa kiti kwanza, halafu ameuachia. Alikuwa anaimba, si yale maneno yasiyo maneno, bali maneno yenyewe, na mengine mimi nilikuwa siyajui. Kule kwetu yalikuwa yanazama kwenye ule uzito, sijawahi kuyasikia.

Sijui nikuambie nilihisi nini. Nilihisi wivu kwa mashine. Nilihisi nimefukuzwa nyumbani kwangu. Na hapohapo nilikuwa natamani wimbo usiishe, maana sijamwona amesimama vile tangu mwaka juzi.

Akanigeukia. Alinitazama kwa heshima, kama unavyomtazama mgeni aliyefika kwenye sherehe na hamjui mtu.

"Samahani, wewe ni nani?"

"Naitwa Clive."

"Clive," akasema. "Unaijua santuri hii?"

Sereana aliyatazama mataulo. Mimi nikamtazama Yvonne, na nikatafuta jibu la kweli, na ajabu ni kwamba lilikuwepo.

"Hapana," nikamwambia. "Ndiyo kwanza naisikia."

"Basi njoo," akasema, akanipa mkono. "Nitakufundisha."

Mdogo wako,
Clive